Somo la Saba: Mashindano Madogo ya Poka Mtandaoni na Hesabu ya Mchezaji Mwangalifu

Madhumuni ya somo

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia mikopo ya simu na michezo ya kubashiri matokeo ya soka. Katika somo hili tunageukia mchezo ambao wengi huutenga na bahati nasibu, nao ni poka ya mtandaoni, hasa mashindano madogo ya watu kumi au pungufu.

Tumeuchagua mchezo huu kwa sababu moja. Anayenunua tiketi ya bahati nasibu hajui atapata nini, naye anajua kwamba hajui. Anayevutwa kuingia katika shindano la poka huambiwa jambo lenye nguvu zaidi: kwamba wapinzani wake wengi hucheza holela, kwamba hufuata kila dau bila kuzipima karata zao, na kwamba mtu mwenye mbinu na subira hawezi kukosa faida mbele yao. Wapo hata wanaouza mafunzo ya mbinu hizo, na ahadi ya faida ndiyo bidhaa yenyewe.

Dai hilo si uongo mtupu, na ndiyo maana linastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko uongo wa wazi. Kwanza tutaeleza mbinu zenyewe, kwa kuwa ni za kweli na hakuna haja ya kuzinunua. Kisha tutapima kwa hesabu ni sehemu gani ya faida yake humfikia mchezaji, na inachukua muda gani kabla hajaweza kujua kama faida hiyo anayo au anaidhania tu. Hatumshawishi mtu kucheza, wala hatumhukumu mtu mzima anayecheza kwa fedha yake mwenyewe. Tunataka ajue analipia nini.

1. Shindano linavyoendeshwa

Aina ya poka inayochezwa zaidi mtandaoni ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa hatua tatu: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kabla ya hatua ya kwanza na baada ya kila hatua, wachezaji huweka dau, hufuata dau la mwenzao, huliongeza, au hutupa karata na kujitoa. Anayebaki peke yake huchukua fungu lote la katikati. Wakibaki wawili au zaidi hadi mwisho, mwenye mkusanyiko bora wa karata tano ndiye anayelichukua.

Katika shindano dogo, wachezaji hulipa kiingilio kilicho sawa na kupewa sarafu za mchezo zilizo sawa, kwa mfano 1,500 kila mmoja. Sarafu hizo si fedha, wala haziwezi kubadilishwa kuwa fedha katikati ya shindano. Aliyeishiwa hutoka. Ili mchezo usidumu milele, kila mzunguko wachezaji wawili huweka dau la lazima, dogo na kubwa, na viwango vyake hupanda kila baada ya dakika chache. Wanaosalia mwisho ndio wanaogawana zawadi. Mgawanyo uliozoeleka kwa shindano la watu kumi ni nusu ya fungu kwa wa kwanza, asilimia 30 kwa wa pili na asilimia 20 kwa wa tatu. Saba waliobaki hawapati kitu.

2. Ada: gharama isiyogombwa

Tuchukue mfano mmoja tutakaoutumia hadi mwisho wa somo. Shindano lina watu kumi. Kila mmoja hulipa shilingi 5,500: 5,000 huingia katika fungu la zawadi, na 500 ni ada ya mwendeshaji. Fungu ni shilingi 50,000. Wa kwanza hupata 25,000, wa pili 15,000 na wa tatu 10,000.

Tukidhani kwamba wachezaji wote wana uwezo sawa, kila mmoja atarudishiwa kwa wastani shilingi 5,000, kwa kuwa 50,000 hugawanywa kwa watu kumi. Alilipa 5,500. Kwa hiyo mchezaji wa kawaida hupoteza shilingi 500 kila shindano, yaani takriban asilimia 9 ya alicholipa. Katika mashindano 100 hupoteza kwa wastani shilingi 50,000.

Kwa mwendeshaji hali ni tofauti. Kila shindano humwingizia ada ya shilingi 5,000, sawa na fungu analochangia mchezaji mmoja, bila kuhatarisha chochote. Hajali nani ameshinda. Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakukosea, ila katika mchezo huu kibaba si cha mchezaji.

Hapa ndipo somo la kwanza lilipo. Katika poka, kuwashinda wenzako mezani hakutoshi. Yakupasa kuwashinda kwa kiasi kinachozidi ada. Mtu aliye bora kidogo tu kuliko wenzake bado anapoteza fedha.

3. Mbele ya wachezaji wa holela

Mchezaji wa holela ni yule anayeingia mchezoni na karata nyingi mno na kufuata dau mara nyingi mno. Hujulikana upesi: karata zikifunuliwa mwisho, huonekana alilipa dau kubwa akiwa na jozi ndogo au akingoja karata moja ya kumwokoa. Katika mashindano ya viingilio vya chini wachezaji wa namna hii ni wa kawaida, kwa sababu hasara ndogo haimfundishi mtu upesi. Mbinu za kukabiliana nao ni hizi.

a) Chagua karata chache za kuanzia. Mwanzoni mwa shindano dau za lazima ni ndogo ukilinganisha na sarafu ulizo nazo, hivyo kungoja hakugharimu sana. Lakini usitazamie kupewa karata bora kila dakika. Jozi yoyote huja takriban mara moja katika migao 17, na jozi ya ree, ambayo ndiyo bora kuliko zote, huja mara moja katika migao 221. Subira inayozungumzwa hapa ni kazi ya kutupa karata kwa muda mrefu, na wengi hushindwa kwa sababu wamelipa kiingilio ili wacheze, si ili watazame.

b) Usijaribu kumtisha asiyetishika. Kuweka dau bila kuwa na karata, ili mpinzani ajitoe, ni mbinu mashuhuri ya poka. Tuipime. Tuseme fungu lina sarafu 300 nawe unaweka dau la 150 bila chochote mkononi. Mpinzani mwangalifu anajitoa mara tatu katika tano: unapata 300 mara tatu, yaani 900, na kupoteza 150 mara mbili, yaani 300. Faida ni 600. Mchezaji wa holela anajitoa mara moja tu katika tano: unapata 300 mara moja na kupoteza 150 mara nne, yaani 600. Hasara ni 300. Tendo ni lile lile, aliyebadilika ni mpinzani.

c) Ukiwa na karata nzuri, weka dau kubwa. Hili ndilo pato lenyewe. Ikiwa mpinzani atafuata dau la 150 akiwa na jozi dhaifu, nawe ukamshinda mara nne katika tano, unapata 600 na kupoteza 150. Akiwa tayari kufuata hata dau la 300, pato lako huongezeka maradufu. Ujanja wa kujifanya dhaifu hauhitajiki mbele ya mtu ambaye atalipa kwa vyovyote.

d) Punguza idadi ya wanaokufuata. Mwenye jozi ya ree humshinda mpinzani mmoja mwenye karata zozote takriban mara 85 katika 100. Wapinzani wakiwa wanne na wote wakabaki hadi mwisho, hushinda takriban mara 56 tu. Ndiyo maana dau la kwanza lafaa liwe la kutosha kuwaondoa baadhi yao. Na ndiyo maana pia haifai kulalamika kwamba umeonewa pale ree zinaposhindwa. Mbele ya wapinzani wengi wasiojitoa, karata bora kuliko zote hushindwa karibu mara moja katika kila mara mbili.

e) Cheza zaidi unapokuwa wa mwisho kuamua. Anayeamua mwisho ameshaona wenzake walivyofanya. Anayeamua mwanzo anakisia. Karata zilezile zinazofaa kutupwa unapotangulia zaweza kufaa kuchezwa unapofuatia.

f) Dau za lazima zinapopanda, badilika. Sarafu zako zikishuka chini ya mara kumi ya dau kubwa la lazima, huna tena nafasi ya kuweka kidogo kidogo na kungoja. Hapo uamuzi uliobaki ni mmoja kati ya miwili: kuweka sarafu zote kabla ya karata za mezani kufunuliwa, au kutupa karata. Anayeendelea kusubiri jozi kubwa humalizwa na dau za lazima, na subira iliyomlinda mwanzoni ndiyo inayomwangamiza mwishoni.

4. Wanapobaki wanne

Kuna hatua moja ambayo hesabu yake huwashangaza hata waliocheza miaka mingi. Wamebaki wachezaji wanne, zawadi ni tatu, na kila mmoja ana sarafu sawa. Kwa kuwa wote wako sawa, kila nafasi ina thamani ya robo ya fungu, yaani shilingi 12,500.

Mpinzani mmoja anaweka sarafu zake zote. Ukimfuata na kushindwa, unatoka bila kitu. Ukishinda, una nusu ya sarafu zote na mmebaki watatu. Je, nafasi yako sasa ina thamani ya 25,000? Hapana. Kwa njia ya kawaida ya kukadiria, inayochukulia kwamba uwezekano wa mtu kuwa wa kwanza ni sawa na sehemu yake ya sarafu, una nafasi moja kati ya mbili ya kuwa wa kwanza, moja kati ya tatu ya kuwa wa pili, na moja kati ya sita ya kuwa wa tatu. Ukijumlisha: 12,500, na 5,000, na takriban 1,667. Jumla ni shilingi 19,167.

Maana yake ni kwamba umehatarisha 12,500 ili upate nyongeza ya 6,667. Ili hatari hiyo ilipe, tukiacha kando dau za lazima, yakupasa kushinda takriban mara 65 katika 100. Karata zinazoshinda mara 55 katika 100, ambazo mwanzoni mwa shindano ungezifurahia, hapa ni za kutupwa.

Na tazama linalowapata wawili waliokaa kando. Wenzao walipogongana na mmoja akatoka, sarafu zao hazikuongezeka hata moja, lakini nafasi ya kila mmoja wao imepanda kutoka shilingi 12,500 hadi takriban 15,417. Mbele ya wachezaji wa holela, ambao hugongana mara kwa mara bila sababu, kukaa kando katika hatua hii kuna malipo yake. Vilevile usiwawekee sarafu zako zote ukiwa na karata dhaifu kwa kutumaini watajitoa, maana hawatajitoa.

5. Mbinu njema huleta kiasi gani?

Sasa turudi kwenye dai tulilolianza. Tuseme msomaji ameyashika yote tuliyoeleza, na kweli ni bora kuliko wenzake. Mchezaji wa kawaida huwa wa kwanza mara 10 katika 100, wa pili mara 10 na wa tatu mara 10. Msomaji wetu hufikia mara 12 katika kila nafasi. Huo ni ubora wa sehemu ya tano nzima juu ya wengine, wala si jambo dogo.

Mapato yake ya wastani kwa shindano ni haya: kutoka nafasi ya kwanza shilingi 3,000, ya pili 1,800, ya tatu 1,200. Jumla ni 6,000. Amelipa 5,500. Faida yake ni shilingi 500 kwa shindano.

Yafaa kuitazama hesabu hiyo kwa utulivu. Ubora wake umemwongezea shilingi 1,000 juu ya anachopata mchezaji wa kawaida, na nusu yake imechukuliwa na ada. Katika mashindano 100 atakuwa amepata kwa wastani shilingi 50,000. Tukichukulia kwamba shindano moja humchukua dakika 45, hizo ni saa 75 za kukaza macho, kwa malipo yasiyofika shilingi 670 kwa saa. Gharama za intaneti, makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, na kodi ya ushindi hazimo katika hesabu hii. Wala haimo bei ya mafunzo aliyouziwa.

Huenda mtu akasema: basi na apande kwenye viingilio vikubwa zaidi. Hapo hukutana na jambo jingine. Wachezaji wa holela hupungua kadiri kiingilio kinavyopanda, na ubora wake wa sehemu ya tano huenda usiwepo tena mbele ya wapinzani wapya.

6. Mashindano mia moja hayatoshi kujijua

Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alichukue hata akisahau mengine yote. Wastani tuliotaja si ahadi. Matokeo halisi huyumba sana kuuzunguka, kwa sababu hata mchezaji bora hutoka bila kitu mara 64 katika 100.

Tumekokotoa kuyumba huko kwa mfano wetu. Mchezaji bora, yule mwenye faida ya wastani ya 500, akicheza mashindano 100, yupo katika hatari ya kumaliza akiwa na hasara kwa uwezekano unaozidi kidogo mmoja kati ya wanne. Hata baada ya mashindano 400, karibu mmoja kati ya wanane wa aina yake bado atakuwa na hasara. Njiani, katika mashindano 100, ana uwezekano unaozidi nusu wa kukutana na mfululizo wa angalau mashindano manane bila zawadi yoyote. Hizo ni shilingi 44,000 zinazotoka bila moja kurudi, na mchezaji hajakosea popote.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Mchezaji wa kawaida, asiye na ubora wowote, ambaye ada inamla shilingi 500 kila shindano, naye ana uwezekano unaozidi mmoja kati ya wanne wa kumaliza mashindano 100 akiwa na faida. Atajiona fundi. Atawasimulia jirani na ndugu. Ataongeza kiingilio, pengine kwa fedha ya ada ya shule au kwa mkopo wa simu, akiamini kwamba anawekeza katika kipaji alichokwisha kukithibitisha. Hajathibitisha kitu. Wenye mbinu na wasio nayo huweza kufanana kabisa kwa miezi mingi, na matangazo huwatafuta hasa wale waliobahatika mwanzo.

Mfano mashuhuri ni wa Chris Moneymaker, mhasibu kutoka jimbo la Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 aliingia katika shindano kuu la dunia la poka mjini Las Vegas kupitia shindano la kufuzu la mtandaoni lenye kiingilio kidogo, akashinda dola milioni 2.5. Habari yake ni ya kweli, na iliwavuta watu wengi sana kwenye poka ya mtandaoni. Lakini shindano hilo lilikuwa na watu 839. Bingwa ni mmoja, na wengi katika wale 838 waliobaki walirudi nyumbani bila zawadi.

7. Fedha yako imewekwa wapi?

Mchezaji wa mtandaoni ana hatari moja asiyokuwa nayo anayecheza karata barazani: fedha yake hukaa mikononi mwa mwendeshaji kabla na baada ya mchezo.

Tarehe 15 Aprili 2011, waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani mjini New York waliweka hadharani mashtaka yaliyowahusu waendeshaji wa PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker. Baadaye ilidhihirika kwamba Full Tilt Poker haikuwa imetenga fedha za wachezaji. Kwa maelezo ya waendesha mashtaka hao, mwishoni mwa Machi 2011 kampuni hiyo ilidaiwa na wachezaji wa dunia nzima takriban dola milioni 390, huku benki ikiwa na takriban dola milioni 60. Mwaka 2012 PokerStars iliingia mapatano na serikali ya Marekani na kuchukua mali za Full Tilt, ndipo njia ya malipo ikafunguka, lakini wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014 tu. Kampuni hiyo ilikuwa na leseni ya kisiwa cha Alderney. Miongoni mwa waliopoteza matumizi ya fedha zao kwa miaka hiyo walikuwamo wachezaji hodari, ambao mbinu zao zote hazikuwafaa kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza mambo manne. Je, mwendeshaji ana leseni ya mamlaka ya nchi unamoishi? Kwa Tanzania, mwenye jukumu hilo ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Je, masharti yanasema wazi kwamba fedha za wachezaji hutengwa na fedha za kampuni? Je, kutoa fedha kuna kiwango cha chini, makato au masharti ya kucheza kwanza? Je, mwendeshaji anakuruhusu kujiwekea kikomo cha malipo, au kujifungia akaunti kwa muda utakao? Usipopata jibu la wazi, usilipe.

8. Kanuni za nyumbani

Anayeamua kucheza baada ya kuyajua haya, na azingatie kanuni zifuatazo.

a) Tenga kiasi ambacho kikipotea chote, hakuna mlo, kodi ya nyumba, dawa wala ada ya shule itakayoguswa. Kikiisha, mwezi umeisha.

b) Usicheze kwa mkopo. Riba ni ya hakika, faida ya poka si ya hakika.

c) Andika kila kiingilio pamoja na ada yake, na kila zawadi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya mchezaji hutunza ushindi kuliko hasara.

d) Acha siku uliyoshindwa kwa uchungu. Anayecheza ili kurudisha alichopoteza hugeuka mchezaji wa holela, na wengine mezani watamtambua kabla hajajitambua.

e) Usimpe mtu mwingine akaunti yako, wala usiache simu yenye akaunti mikononi mwa mtoto. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

f) Ukianza kuficha unachotumia kwa mwenzi wako au wazazi wako, hiyo ni dalili ya kufunga akaunti na kuzungumza na mtu unayemwamini au mhudumu wa afya, hata kama wakati huo unashinda.

Maswali ya kujipima

Swali la kwanza. Shindano la watu sita lina kiingilio cha shilingi 2,000 na ada ya 300. Mchezaji wa kawaida atapoteza kiasi gani katika mashindano 50?
Jibu. Fungu la zawadi hugawanywa lote kwa wachezaji, hivyo hasara ya wastani ni ada yenyewe: 300 mara 50, yaani shilingi 15,000. Ada hiyo ni takriban asilimia 13 ya malipo, mzigo mkubwa kuliko wa mfano wetu, ingawa tarakimu yake yaonekana ndogo.

Swali la pili. Mmebaki wanne wenye sarafu sawa, kama katika sehemu ya 4. Mpinzani anaweka sarafu zote. Wewe una ree na mfalme, nawe unaamini ana jozi ndogo. Ufanye nini?
Jibu. Karata zako zitamshinda karibu nusu ya mara. Zinahitajika mara 65 katika 100. Tupa.

Swali la tatu. Ndugu yako amecheza mashindano 100 ya mfano wetu na ana faida ya shilingi 40,000. Anataka kuacha kibarua ili acheze kila siku. Utamwambia nini?
Jibu. Mwambie kwamba karibu mmoja kati ya saba wa wachezaji wa kawaida kabisa, wanaopoteza kwa wastani, hufika au kupita hapo kwa bahati tu. Mshauri abaki na kibarua chake, aendelee kuandika daftari, na asiongeze kiingilio.

Hitimisho

Mbinu dhidi ya wachezaji wa holela zipo, ni chache, na msomaji amezipata humu bila malipo: chagua karata, usimtishe asiyetishika, weka dau kubwa ukiwa na karata nzuri, badilika sarafu zinapopungua, na ukae kando wengine wanapogombania nafasi ya mwisho ya zawadi. Anayezifuata atapoteza kidogo kuliko wengine, na pengine atapata. Lakini kati ya mbinu na mfuko wake imekaa ada isiyokosa hata shindano moja, na imekaa bahati isiyotoa jibu kabla ya mamia ya mashindano. Yeyote anayekuuzia hakika mahali hapo anakuuzia asichonacho. Fanya hesabu kwanza, kisha uamue kama burudani hiyo ina thamani ya bei yake kwako na kwa wanaokutegemea.